Kizibo, Nta na Lakiri: Historia ya Istilahi za Kufunga Pombe, kwa Mfano wa Ufipa

Miongoni mwa matendo yanayomsumbua mfasiri wa vitabu vya ufundi ni lile la kufunga chombo ili kilichomo kisiharibike wala kisiguswe. Kiingereza kina neno moja tu la tendo hilo, nalo hutumika kwa bahasha, sanduku la kura, mlango wa ghala na shingo ya chupa bila kubagua. Kiswahili hakina neno moja namna hiyo. Kina kuziba, kufunga, kukandika, kupiga muhuri na kutia lakiri, na kila moja lina kazi yake na historia yake. Mfasiri mwenye haraka huchukua mojawapo na kulibandika kila mahali. Mara nyingi hulichukua lakiri, kwa kuwa lina sauti ya kiofisi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tofauti za maneno hayo zilitokana na kazi za watu, na kwamba mfasiri akizifuta anaweza kumdhuru mtumiaji wa tafsiri yake. Mfano tutakaoutumia ni ule wa pombe ya nyumbani inayotiwa katika chupa, kufunikwa kwa nta na kuwekwa miaka kadhaa ili ikomae. Ufundi huo umeenea Ulaya na Marekani, na maelezo yake huweza kumfikia mfasiri wakati wowote. Tutaupima kwa kuutazama mkoa wa Rukwa, hususan nyanda za juu za Ufipa, mahali ambapo nafaka ya pombe haikukosekana na nta haikuwa mbali, lakini viwili hivyo havikukutana katika chupa.

Mahali na nafaka

Nyanda za juu za Ufipa ziko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa yake imeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vilele hupita mita 2,000. Mji mkuu wake ni Sumbawanga, ambao ulifanywa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974. Wakulima wa huko wanajulikana kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kurutubisha udongo. Kabla ya mahindi kushika nafasi ya kwanza, nafaka iliyotawala mashamba hayo ilikuwa ulezi.

Ulezi una sifa moja ambayo haina budi kukumbukwa katika mjadala huu: haushambuliwi kwa urahisi na wadudu wa ghalani. Ukikauka vizuri, huweza kuwekwa miaka mingi bila kubunguliwa, na kwa sababu hiyo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki umekuwa akiba ya njaa. Mkulima wa ulezi hakuwa na haja ya kutafuta njia ya kuihifadhi pombe, maana nafaka yenyewe ilijihifadhi.

Pombe ya ulezi hutengenezwa kwa njia ambayo, pamoja na tofauti ndogo za mahali na mahali, inafanana kutoka Ufipa hadi Uganda. Sehemu ya ulezi hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji hupikwa na kupozwa, kisha kimea hutiwa ndani yake. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, chachu hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa, na bakteria hutia uchachu. Baada ya siku chache pombe huwa tayari, nayo hunywewa siku hiyo au inayofuata. Ikikaa zaidi ya hapo huwa kali mno mdomoni, na hatimaye haifai.

Kwa hiyo pombe hiyo ilipikwa kwa siku iliyojulikana na kwa watu waliojulikana: waliokuja kusaidia kulima, waliohudhuria arusi, waliokuja kuhani msiba. Mpishi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alihesabu siku nyuma kuanzia siku ya shughuli ili pombe iive wakati wageni wanapofika. Ujuzi wake ulikuwa katika kuulenga wakati. Hakutakiwa kuusimamisha.

Mtu asidhani kwamba kutofunga pombe kulitokana na kutojua kuitawala hewa. Wahunzi wa Ufipa walijenga tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, zenye kimo cha karibu mita 3, ambazo zilivuta hewa zenyewe kwa kupitia matundu yaliyopangwa chini yake, bila mivukuto. Mabaki ya tanuru hizo yameendelea kuonekana muda mrefu baada ya kazi ya kuyeyusha chuma kukoma. Watu walioweza kupima hewa ya tanuru namna hiyo wangeweza kuziba mtungi kama wangekuwa na sababu. Sababu ndiyo haikuwepo.

Mfano wa Wateso wa Uganda unaunga mkono jambo hili. Katika utengenezaji wa ajon, unga wa ulezi hukandwa na kufukiwa shimoni karibu juma moja mpaka uchachuke, kisha hukaangwa na kuanikwa. Unga huo mkavu huweza kuwekwa muda mrefu. Inapotakiwa pombe, huchanganywa na kimea na maji. Hapa tena kinachohifadhiwa ni kitu kikavu, na kinywaji chenyewe hubaki kichanga. Katika eneo lote hilo umri ulikuwa ghalani, na ndiyo maana msamiati wa kuhifadhi umejaa maneno ya ghala, kihenge na kukandika, wala si ya chupa.

Nta ilikotoka

Kaskazini ya Ufipa, katika misitu ya miombo ya Mpanda na Inyonga, ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu zamani. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa tangu 1974 hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, na misitu yake inaungana na ile ya Tabora, ambayo nta yake ilikuwa bidhaa ya nchi za nje tangu enzi za Wajerumani.

Katika nchi za nyuki nta na pombe zilijuana sana, ila kwa mpangilio ulio kinyume na tunavyotarajia. Pombe ya asali, iitwayo wanzuki au kangara kufuatana na mahali na namna ya kuipika, aghalabu ilitengenezwa kwa masega mazima. Masega yaliloweshwa, utamu ukatoka, na nta ikabaki kuwa makapi. Kabla ya wafanyabiashara kuitafuta, nta nyingi ilitupwa. Basi nta ilikuwa kitu kinachotolewa katika pombe, na haikuwa kitu kinachoifunika.

Kisha nta ikapata wanunuzi. Mmojawapo alikuwa Kanisa. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko kazi yao ikapanda hadi nyanda za Ufipa. Kanuni za Kanisa Katoliki za wakati huo zilitaka mishumaa ya Misa itengenezwe kwa sehemu kubwa kwa nta ya nyuki. Kanuni hizohizo zilitaka divai ya zabibu, kinywaji ambacho huko kilikuwa kigeni kabisa. Neno divai lenyewe limetokana na Kifaransa, nalo limekaa katika Kiswahili kando ya mvinyo, neno lililotangulia kuja na Wareno. Divai ndiyo iliyoleta bara wazo la kinywaji kinachosafiri katika chombo kilichozibwa na kudumu miaka. Hata hivyo wazo hilo lilibaki kanisani na dukani. Halikuhamia katika mtungi wa ulezi.

Kizibo

Neno kuziba ni la zamani, na maana yake ya msingi ni kujaza tundu. Twaziba shimo, ufa, pengo na hata masikio. Kizibo cha chupa au cha kibuyu ni kitu kinachokaa ndani ya tundu au juu yake na kuzuia kimiminika kisimwagike.

Huko Ulaya kizibo kilichotumika kwa chupa za pombe kwa muda mrefu kilikuwa gome la aina ya mwaloni, lililofungwa kwa uzi au waya ili lisirushwe na nguvu ya hewa iliyomo. Mnamo 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, alipewa hataza ya kizibo cha bati chenye meno pembeni, ambacho ndicho kinachofunika chupa za bia na soda mpaka leo. Kabla ya hapo, mwaka 1876, Louis Pasteur alikuwa amechapisha uchunguzi wake juu ya bia na viumbe vidogo vinavyoiharibu. Mambo hayo mawili, kuua viumbe kwa joto na kuziba kwa bati, yaliiwezesha bia ya kiwandani kukaa miezi kadhaa na kusafirishwa mbali. Bia iliyofika Sumbawanga kwa lori ilikuwa ya namna hiyo.

Ilipotokea haja ya kuuza pombe ya nafaka ya Kiafrika katika vyombo vya kiwandani, tatizo lilijitokeza wazi. Chibuku, ambayo ilitengenezwa pia Dar es Salaam, ni pombe nzito ambayo huendelea kuchacha hata baada ya kutiwa katika pakiti. Pakiti yake ya karatasi haikuweza kufungwa kabisa. Ilibidi iachiwe nafasi ya kupumua. Kama ingefungwa kama chupa ya bia, ingepasuka.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 4 za sukari katika lita moja ya pombe zikichachuka huzaa takriban gramu 2 za hewa ya ukaa. Kiasi hicho ndani ya chupa iliyozibwa chaongeza shinikizo la kutambulika. Pombe ya ulezi iliyotiwa katika chupa siku ya pili huwa bado ina wanga na sukari nyingi kuliko hizo gramu 4. Anayeiziba anatengeneza kitu cha kupasuka mkononi mwake.

Nta juu ya kizibo

Sasa tuje kwa ufundi wenyewe. Pombe ambayo hukusudiwa kukaa miaka huwa na kileo kingi, imekwisha kuchacha kabisa au imebakiwa na sukari iliyopimwa, na imehifadhiwa dhidi ya bakteria. Kiwanda kimoja cha Uingereza mwaka 1968 kilitoa bia iliyopewa jina la mwandishi Thomas Hardy, yenye kileo cha karibu asilimia 12, kwa kusudi la kuwekwa miaka mingi. Wapishi wa nyumbani wa nchi hizo wamefuata mfano wa bia za namna hiyo.

Katika chupa kama hiyo kizibo hubana shinikizo. Lakini kizibo, kiwe cha gome au cha bati, hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na kwa miaka mingi kidogo hicho huigeuza ladha. Hapo ndipo nta inapoingia. Shingo ya chupa iliyokwisha zibwa na kukauka huchovywa katika nta iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, kwa maana nta ikiwekwa motoni moja kwa moja huweza kuwaka. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi za sentigredi 62 hadi 64, na ikipoa huacha ngozi juu ya kizibo.

Ieleweke basi kwamba nta hapa haizibi. Ngozi ya nta haiwezi kustahimili shinikizo la bia. Ikiachwa peke yake itasukumwa mara moja. Kazi yake ni kuhami kizibo kilichokwisha kuwepo. Mfasiri akiandika “ziba chupa kwa nta”, anamwelekeza msomaji aache kizibo. Msomaji huyo, kama ni mpishi wa Sumbawanga mwenye chupa tupu za bia na kipande cha nta, atamimina pombe, atajaza nta mdomoni mwa chupa na kuiweka kabatini. Akibahatika, nta itaruka na pombe kumwagika. Asipobahatika, nta itashika kwa kitambo na chupa itapasuka. Kosa litakuwa la mfasiri.

Lakiri na muhuri

Lakiri kwa umbo na maana linakaribiana mno na neno la Kireno lacre, ambalo ni kitu kile kile cha kufungia barua na hati. Lacre nalo linatokana na laki, utomvu unaotolewa na wadudu wa Bara Hindi. Zamani huko Ulaya hati zilifungwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti. Kuanzia karne ya 16, biashara ya Bahari ya Hindi ilipopanuka, utomvu wa laki ukachukua mahali pa nta kwa kuwa ni mgumu zaidi na huvunjika badala ya kupinda. Kuvunjika huko ndiko kulikotakiwa, kwani lakiri iliyovunjika hutoa ushahidi kwamba barua imefunguliwa. Kwa hiyo kuieleza lakiri kuwa ni aina ya nta tu kunaficha nusu ya habari zake.

Muhuri ni neno jingine, lenye asili ya Kiajemi. Muhuri ni chapa. Lakiri ni kile kinachopokea chapa hiyo. Kadhi, liwali na karani walivitumia vyote viwili pamoja, na ndiyo maana watu huvichanganya.

Katika Tanzania ya leo lakiri imeachana na nta na utomvu kabisa. Masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri, nayo ni ya plastiki yenye namba. Makontena ya mizigo huwekewa lakiri za chuma, na nyingine ni za kielektroniki. Neno limebadili mwili lakini halikubadili kazi. Lakiri ya barua ya mwaka 1890 na lakiri ya sanduku la kura husema jambo moja: mwenye mamlaka amefunga hapa, na mkono mwingine ukipita utaonekana. Huo ni mfano mzuri wa istilahi iliyoshika maana yake hata kitu chenyewe kilipobadilika.

Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba pombe ya nyumbani “imetiwa lakiri” kwa kuwa ina nta nyekundu shingoni. Afisa wa biashara au hakimu akisoma maneno hayo ataelewa kwamba kuna mamlaka iliyokikagua kinywaji hicho na kukifunga. Mnunuzi naye ataelewa hivyo. Kwenye chupa za vileo alama ya mamlaka ni stempu ya kodi, ambayo tangu 2019 imekuwa ya kielektroniki, na nta haihusiki nayo. Hapa kosa la mfasiri haliharibu lugha tu. Linaipa chupa cheo isichokuwa nacho.

Kuchacha, kuiva na kukomaa

Limebaki neno la kule kuwekwa miaka. Maneno tuliyo nayo yanafuata historia tuliyoieleza. Pombe huchacha, kisha huiva, yaani huwa tayari kunywewa, kisha huharibika. Tembo la mnazi la pwani hupita njia hiyo upesi zaidi: likiwekwa hugeuka siki. Kati ya kuiva na kuharibika Kiswahili hakikuweka neno, kwa sababu pombe zetu hazikukaa katikati hapo.

Wengine wamependekeza kuzeesha. Neno hilo limechukuliwa kutoka lugha ya kigeni bila kupimwa, na kwa Mswahili kilichozeeka kimekwisha nguvu. Wengine wamependekeza kuvundika, kwa mfano wa ndizi. Hilo lina asili nzuri, lakini ndizi huvundikwa katika joto ili ziive upesi, ilhali bia hii huwekwa mahali pa baridi ili ibadilike taratibu. Yafaa tuchague kukomaza. Kilichokomaa kimetimiza umri wake na bado kina nguvu. Twasema mti umekomaa, mbao zimekomaa na hoja imekomaa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali matumizi yafuatayo:

(1) Kuziba na kizibo vitumike kwa kitu kinachojaza au kufunika tundu na kubana kilichomo.

(2) Kuvika nta kutumike kwa tendo la kufunika kizibo kwa nta ili kukihami na hewa. Isiandikwe “kuziba kwa nta” isipokuwa pale ambapo nta peke yake ndiyo inayojaza tundu.

(3) Lakiri ibaki kwa kifungo cha mamlaka kinachoonyesha kwamba kitu hakijaguswa, kiwe cha utomvu, cha plastiki au cha chuma.

(4) Muhuri ubaki kwa chapa.

(5) Kukomaza na ukomazaji vitumike kwa kuweka kinywaji muda mrefu kwa makusudi ya kukiboresha. Kuiva kubaki kwa pombe iliyo tayari kunywewa.

Kwa kifupi, kizibo huzuia kimiminika, nta huzuia hewa, na lakiri huzuia mkono.

Aidha, walimu wasiwafundishe wanafunzi kwamba pombe inayokomazwa ni bora na pombe ya siku tatu ni duni. Kila moja imejibu swali lake. Mpishi wa Ulaya aliyetaka kinywaji cha miaka 20 alihitaji kizibo na nta. Mpishi wa Ufipa aliyetaka kuwanywesha wageni siku ya Jumamosi alihitaji ulezi uliokauka vizuri na hesabu sahihi ya siku. Istilahi zetu ziwe na nafasi ya kuwataja wote wawili bila kumpunja mmoja.

Liko jambo moja linalowapasa hasa walimu na maafisa utamaduni wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Majina ya Kifipa ya hatua za pombe, ya vyungu na vifuniko vyake, na ya hali za ulezi ghalani yangali midomoni mwa wapishi wazee. Yakikusanywa na kuletwa mbele ya wanaistilahi, huenda pengo tulilolitaja kati ya kuiva na kuharibika likaonekana kuwa na neno lake. Baraza la Kiswahili la Taifa tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 limepewa kazi ya kukikuza Kiswahili, na kukikuza ni pamoja na kukilisha kutoka katika lugha zetu za makabila. Wasomaji wenye maneno hayo, au wenye hoja za kupinga mapendekezo haya, wanaombwa kuyaleta yajadiliwe.